Chang'ombe imegoma: maswali yenu kuhusu INDIRECT

Toleo lililopita niligusa kwa juu tu kwamba Excel inaweza kusoma jina la shiti kutoka kwenye seli, ikaenda yenyewe kuchukua namba kwenye shiti hiyo, kwa fomula inayoitwa INDIRECT. Kumbe nilichokoza nyuki. Barua na jumbe mlizotuma zinajaza ukurasa, kwa hiyo leo ni INDIRECT tupu. Waliouliza kuhusu mashine za EFD, zile za kutolea risiti, wanivumilie.

Shikamoo Anti. Mimi ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi, ofisi yetu iko Gerezani. Tuna matawi sita: Kariakoo, Tegeta, Mbagala, Kimara, Gongo la Mboto na Chang'ombe. Kila tawi lina shiti yake, na jumla ya mauzo ya mwezi iko seli B33. Bosi anataka shiti moja ya Muhtasari. Nimepanga majina ya matawi kuanzia A2 hadi A7, pembeni nikaandika =INDIRECT(A2&"!B33") nikaburuta kwenda chini. Matawi manne ya kwanza yamekubali. Gongo la Mboto na Chang'ombe yananipa #REF!. Nimejaribu hata kuandika jina kwenye seli nikalizungushia ritifaa (alama ya '), bado. Nisaidie, mwisho wa mwezi huo unakuja.
*Mhasibu, Gerezani*

Marahaba mwanangu. Umekaribia sana, kilichobaki ni alama tu.

Ukiandika =Kariakoo!B33, Excel inaishika seli yenyewe. Badilisha jina la shiti ya Kariakoo iwe Msimbazi, fomula nayo inajibadilisha. Ingiza mstari juu ya jumla, B33 inakuwa B34 bila wewe kugusa kitu. INDIRECT haina urafiki huo. Inapokea maandishi, inayasoma yalivyo, inakwenda yanapotaja. Ni bodaboda uliyempa anwani kwenye karatasi: akikuta umeandika mtaa usiokuwepo anarudi na mzigo, na mzigo ukirudi kwenye Excel unaitwa #REF!.

Kwa hiyo kabla hujailaumu fomula, yatazame maandishi uliyoipa. Toa INDIRECT kwanza. Kwenye seli yoyote ya pembeni andika:

=A6&"!B33"

Utaona Gongo la Mboto!B33. Excel haielewi anwani hiyo, kwa sababu jina la shiti lenye nafasi katikati lazima likae ndani ya ritifaa mbili. Wewe ulidhani utaziweka kwenye seli ya jina, lakini ritifaa ya kwanza kabisa kwenye seli Excel inaimeza; kwake ni ishara kwamba kinachofuata ni maandishi. Ikabaki ile ya mwisho peke yake, na anwani ikaharibika zaidi. Ziweke kwenye fomula:

="'"&A6&"'!B33"

Soma polepole mwanzo wake: alama ya mtajo ("), ritifaa, alama ya mtajo. Baada ya A6: alama ya mtajo, ritifaa, mshangao, B33, alama ya mtajo. Kwenye skrini ndogo zile alama tatu za mwanzo zinaonekana kama vijiti vilivyosimama, ndiyo maana wengi wanasahau kimoja. Seli ikikuonyesha 'Gongo la Mboto'!B33, hapo sasa ivishe INDIRECT:

=INDIRECT("'"&A6&"'!B33")

Itumie hii kwa matawi yote, hata yenye jina la neno moja. Kariakoo haidhuriki kwa kuwekewa ritifaa. Na siku mtakapoanzisha shiti inayoitwa 2025, utashukuru, maana jina linaloanza na tarakimu nalo linazidai.

Sasa Chang'ombe. Hii ndiyo iliyonifurahisha kwenye barua yako, kwa sababu wanaoandika mafunzo ya Excel huko nje hawaishi karibu na Chang'ombe, wala hawafugi ng'ombe, wala hawana duka ng'ambo ya kivuko. Jina lina ritifaa ndani yake. Excel inaanza kusoma 'Chang, inakutana na ritifaa, inadhani jina limekwisha. Ombe inabaki inaelea. Dawa ni kuiandika ritifaa ya ndani mara mbili. Huhitaji kuniamini: nenda kwenye seli tupu, andika alama ya sawasawa, bofya shiti ya Chang'ombe, bofya B33, bonyeza Enter. Rudi utazame Excel yenyewe imeandika nini. Utakuta ='Chang''ombe'!B33. Mbinu hiyo ifanye kila unapokuwa na shaka ya namna jina la shiti linavyopaswa kuandikwa.

Huwezi kukumbuka kudabo ritifaa kwa mkono kila mara, na orodha yako ya matawi isiandikwe Chang''ombe halafu bosi aione. Mwachie SUBSTITUTE kazi hiyo:

=INDIRECT("'"&SUBSTITUTE(A2,"'","''")&"'!B33")

Ndani ya SUBSTITUTE, kitu cha pili ni ritifaa moja kati ya alama za mtajo, cha tatu ni ritifaa mbili. Jina lisilo na ritifaa linapita bila kuguswa. Iburute kutoka A2 hadi A7 na matawi sita yote yatafunguka.

Yakigoma tena, tatizo litakuwa jina la kwenye seli na jina la shiti pale chini havifanani herufi kwa herufi. Herufi kubwa na ndogo hazina neno, KIMARA na Kimara ni kitu kimoja. Nafasi ndiyo mchawi. Mtu akiandika "Kimara" akagusa kitufe cha nafasi kabla ya Enter, huioni kwa macho lakini Excel inaiona. Andika TRIM(A2) mahali pa A2 kama orodha inatoka kwa watu wengine. TRIM haitibu nafasi iliyo kwenye jina la shiti lenyewe, hiyo bofya mara mbili pale chini uifute. Mchawi wa pili ni simu. Majina yanayonakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa simu mara nyingi yana ritifaa iliyopinda, na kwa kompyuta ile si sawa na iliyonyooka. Chang’ombe na Chang'ombe kwako ni mahali pamoja, kwake ni mahali pawili.

Halafu urefu. Jina la shiti halizidi herufi 31, nafasi zikihesabiwa. Ukitaka kuita shiti "Gongo la Mboto - Mauzo ya Rejareja", Excel itakukatia kwenye "Rejar", wakati orodha yako ina jina zima. Nawashauri wote: majina mafupi, na shiti ziitwe kwa jina la tawi tu. Habari nyingine ikae ndani ya shiti.

Kuhusu bosi. Simjui, lakini mabosi wa Gerezani nimewatumikia, na najua wakishaona jedwali la matawi sita watasema "nionyeshe Tegeta peke yake". Jiandae. Kwenye shiti mpya, seli moja, tuseme B1, nenda Data, kisha Data Validation, chagua List, uielekeze kwenye A2:A7 ya Muhtasari. Chini yake panga siku au bidhaa, na fomula zote zisome B1:

=INDIRECT("'"&SUBSTITUTE($B$1,"'","''")&"'!B"&ROW())

Hiyo ROW() mwishoni ndiyo inayofanya fomula ikiwa mstari wa 5 ichukue B5, ikiwa mstari wa 6 ichukue B6. Kilichomo ndani ya alama za mtajo hakisogei unapoburuta, kwa hiyo ukiandika "!B5" moja kwa moja, mistari yote thelathini itakuletea namba ileile na bosi atadhani Tegeta wanauza kiasi kilekile kila siku. Hakikisha tu mistari ya shiti hiyo mpya inalingana na mistari ya shiti za matawi. Kama shiti hiyo inaanza mstari mmoja chini zaidi, andika ROW()-1.

La mwisho kwako. Ukitaka kukagua fomula ambayo tayari imeandikwa, ingia ndani kwa F2, itie kivuli sehemu iliyo ndani ya mabano ya INDIRECT, bonyeza F9. Maandishi yake yatajitokeza hapohapo. Ukishayaona, toka kwa Esc. Ukitoka kwa Enter yanaganda humo na fomula inakuwa haisomi tena A2.

Anti hujambo? Mimi ni katibu wa kikoba chetu hapa Charambe, akina mama watupu. Kila mwezi una shiti yake: Januari, Februari, Machi na kuendelea. Safu A ni namba ya mwanachama, B jina, C hisa, D mkopo uliobaki. Nimetengeneza shiti ya Mwaka, miezi iko mstari wa kwanza kuanzia C1, nikaandika =INDIRECT("'"&C$1&"'!D14") kwa mama wa mstari wa 14. Ilikwenda vizuri hadi mwezi wa tano tulipopata mwanachama mpya nikamwingiza kwa mpangilio wa herufi. Kuanzia hapo mkopo wa huyu unaonekana kwa yule. Kikao kimekuwa moto. Halafu mwanangu akanibadilishia miezi iwe tarehe ili ipendeze, sasa zote #REF!. Naomba msaada kabla ya kikao kijacho.
*Katibu, Charambe*

Sijambo dada, poleni na moto huo.

Tuanze na mikopo iliyohama. D14 uliyoiandika ndani ya alama za mtajo ni maandishi, na maandishi hayajui kwamba umeingiza mstari. Shiti ya Mei imesogea, fomula imebaki inasoma mstari wa 14, na mstari wa 14 sasa ni wa mama mwingine. Fomula ya kawaida ingesogea nayo. Hapo ndipo INDIRECT inapokuwa hatari kwenye fedha za watu: haikupi kosa, inakupa namba nzuri kabisa ya mtu mwingine. #REF! ni afadhali mara mia.

Kwenye kikoba usimtafute mtu kwa mstari aliokaa. Mtafute kwa namba yake ya uanachama. INDIRECT ikuletee jedwali zima la mwezi, VLOOKUP imtafute mwenyewe humo:

=VLOOKUP($A5,INDIRECT("'"&C$1&"'!A:D"),4,FALSE)

$A5 ni namba ya mwanachama kwenye shiti ya Mwaka. C$1 ni mwezi. 4 ni safu ya nne, yaani mkopo. Ukitaka hisa weka 3. FALSE usiiache hata siku moja, ndiyo inayosema "namba hiihii au basi". Ukiiacha, VLOOKUP inakubali namba ya karibu, na mtu ambaye hayumo mwezi huo atapewa deni la jirani. Alama ya dola kabla ya A na kabla ya 1 ndizo zinazokuruhusu kuburuta kulia na chini bila kuharibu. Sasa ingiza wanachama popote utakapo, panga kwa herufi, panga kwa ukubwa wa hisa, kila mama atafuatwa alipo. Mwanachama wa Mei atatoa #N/A kwa Januari hadi Aprili, na hilo ni kweli tupu: hakuwepo.

Jambo la miezi. Mwanao amekupendezea macho, lakini seli iliyowekwa tarehe inahifadhi namba, na neno unaloliona ni vazi tu. Tarehe 1 Machi 2024 ndani ya Excel ni 45352. Kwa hiyo INDIRECT ilitumwa kwenye shiti inayoitwa 45352, nanyi hamna. Wapo watakaokwambia tumia TEXT(C1,"mmmm"). Kwenye kompyuta nyingi za hapa mjini, zilizowekwa Kiingereza, hiyo itakupa March, na shiti yako ni Machi. Njia nyepesi: futa tarehe, andika Januari, Februari, Machi kwa mkono kama maandishi. Ni majina kumi na mawili tu. Ukiwa na sababu ya kubaki na tarehe, basi yataje mwenyewe:

=CHOOSE(MONTH(C1),"Januari","Februari","Machi","Aprili","Mei","Juni","Julai","Agosti","Septemba","Oktoba","Novemba","Desemba")

Iweke kwenye mstari wa pili chini ya tarehe, kisha fomula zako zisome C$2.

Miezi ambayo bado haijafika itakuonyesha #REF! kwa kuwa shiti haipo. Najua unachotaka kufanya: kuifunika yote kwa IFERROR iwe wazi. Mimi sipendi. IFERROR inafunika mwezi ambao haujafika, na inafunika pia mwanachama aliyesahaulika, vyote kwa blanketi moja. Uliza jambo moja tu, kama shiti ipo:

=IF(ISREF(INDIRECT("'"&C$1&"'!A1")),VLOOKUP($A5,INDIRECT("'"&C$1&"'!A:D"),4,FALSE),"")

Ndefu, ndiyo. Lakini shiti ikiwepo na mtu asipoonekana, #N/A itabaki imesimama mbele ya kikao kama inavyostahili.

Na dada, hujaniuliza lakini nasema: usitupe faili zima kwenye kundi la WhatsApp. Mkopo wa mtu ni siri yake na kikoba.

Anti, matawi yetu yananitumia mafaili kila jioni, Tegeta.xlsx, Kibada.xlsx na mengine. Faili langu linayasoma kwa INDIRECT. Yakiwa wazi safi, nikiyafunga #REF!. Excel yangu ni mbovu?
*Kijana wa stoo, Kariakoo*

Haina ubovu. INDIRECT haisomi faili lililofungwa. Fomula ya kawaida inayoelekeza kwenye faili jingine huhifadhi namba ya mwisho iliyoiona, INDIRECT haihifadhi. Una njia tatu. Uyafungue yote kabla ya kufungua la kwako, ambayo ni sawa kwa mafaili machache. Au uyaweke kwenye folda moja na uyavute kwa Power Query, chombo cha Excel cha kuvuta data: Data, Get Data, From File, From Folder, ukishaipanga mara moja, kila jioni unabofya Refresh tu. Au matawi yaandike kwenye Google Sheets, nawe uvute kwa IMPORTRANGE, ambayo itakuomba ruhusa mara ya kwanza kwa kila faili.

Mimi ningekwenda na folda. Ila chunga majina: faili likipakuliwa mara mbili linageuka Tegeta (1).xlsx, na wewe utahesabu mauzo ya Tegeta mara mbili huku ukisifiwa.

Hujambo mwanangu. Nina malori yanayobeba mizigo kutoka bandarini kwenda Tunduma. Kijana mmoja alinitengenezea faili, kila lori na shiti yake, na shiti ya mbele imejaa INDIRECT kila kona. Nikiandika lita za dizeli kwenye seli moja, laptopu inafikiri hadi chai inapoa. Pia nataka jumla ya malori yote. Niliandika =SUM(INDIRECT("Mwanzo:Mwisho!D40")) ikakataa. Nimeambiwa ninunue laptopu mpya. Unasemaje?
*Mzee wa malori, Tabata*

Shikamoo mzee wangu. Usinunue kwanza.

Fomula nyingi za Excel hulala. Zinaamka pale tu zinapobadilika seli ambazo fomula hizo huzitegemea. INDIRECT hailali. Kwa kuwa anwani yake ni maandishi, Excel haina namna nyepesi ya kujua inategemea nini, kwa hiyo inaihesabu upya kila unapobadilisha kitu chochote mahali popote, pamoja na fomula zote zinazoitegemea. OFFSET, TODAY, NOW na RAND zina tabia hiyohiyo. Zikiwa ishirini hutazisikia. Zikiwa maelfu, chai inapoa. Kwa leo, nenda Formulas, Calculation Options, chagua Manual. Utaandika dizeli zako zote kwa raha, kisha unabonyeza F9 mara moja ihesabu. Kumbuka tu kwamba kabla ya F9 jumla unazoziona ni za zamani, usimsomee mtu kwa simu.

Jumla uliyoitaka iko njia sahihi, umeivisha nguo isiyo yake. INDIRECT haikubali anwani inayopita kwenye shiti nyingi kwa mpigo. Ivue:

=SUM(Mwanzo:Mwisho!D40)

Hapo Excel inajumlisha D40 ya kila shiti iliyo kati ya Mwanzo na Mwisho, zenyewe zikiwemo. Ziwe shiti mbili tupu, moja kushoto na moja kulia, malori yote katikati. Lori jipya ukiliburuta katikati yao limeingia kwenye jumla. Lori lililo gereji ukilitoa nje ya Mwisho, limetoka. Sharti moja, D40 iwe jambo lilelile kwenye kila shiti. Lori moja likiwa na mstari wa ziada, jumla yako ni ugomvi.

Hayo ni matibabu ya muda, mzee wangu. Ugonjwa wenyewe ni shiti moja kwa kila lori. Watu wengi wanapanga hivyo kwa sababu ndivyo daftari la karatasi linavyopangwa, kila lori na kurasa zake. Kompyuta haina haja hiyo. Mwambie kijana wako atengeneze shiti moja tu, aiite Safari: tarehe, lori, dereva, alikokwenda, lita za dizeli, malipo. Kila safari mstari mmoja, malori yote yakiwa yamechanganyika humo. Kisha kwenye shiti ya mbele, yenye namba za malori safu A:

=SUMIFS(Safari!E:E,Safari!B:B,A2)

Hizo ni lita zote za lori lililotajwa A2. Badala ya E weka F upate malipo. Hakuna INDIRECT, hakuna ritifaa, hakuna shiti ya kuburuta, na laptopu yako ya zamani itapumua. Ukitaka kwa mwezi na kwa dereva, PivotTable itakupangia bila fomula hata moja. Kijana akilalamika kwamba kuhamisha data ni kazi ya siku nzima, mpe hiyo siku nzima na chakula cha mchana.

Na nyinyi wengine mnaosoma kwa juu ya bega la mzee: mhasibu wa Gerezani mwenye matawi sita nimemwachia INDIRECT yake kwa sababu ni sita, na mameneja wa matawi kila mmoja anajaza shiti yake. Angekuwa na arobaini ningemwambia kama nilivyomwambia mzee.

Habari Anti. Nafanya utafiti wa masoko, niko chuo hapa Mlimani. Nataka fomu ambayo nikichagua wilaya ya Dar, orodha ya kata zake tu ndiyo ijitokeze kwenye seli inayofuata. Nimesikia INDIRECT inafanya hivyo. Tena nilitaka orodha yangu kuu niiite DAR2024, Excel inakataa jina.
*Mwanafunzi, Mlimani*

Nzuri, mwanangu. Inafanya, na hapa ndipo naipenda.

Andika kata za kila wilaya kwenye safu yake: Kariakoo, Buguruni na wenzake chini ya Ilala, Chang'ombe, Keko na Tandika chini ya Temeke, Sinza, Manzese na Kimara chini ya Ubungo, hivyohivyo Kinondoni na Kigamboni. Tia kivuli kata za Temeke, nenda kwenye kisanduku kile cha juu kushoto kinachoonyesha anwani ya seli, andika Temeke, bonyeza Enter. Rudia kwa wilaya zote tano. Seli A2 iwe orodha ya wilaya. Seli B2, Data Validation, List, na kwenye chanzo andika =INDIRECT(A2). Kwisha. Chang'ombe hapa haisumbui, kwa kuwa ni kitu cha kuchaguliwa na si jina la kutafutia.

Wilaya za Dar zote zina jina la neno moja, una bahati. Utafiti ukivuka kwenda Pwani utakutana na Kibaha Mjini, na jina la namna hii halikubali nafasi. Liite Kibaha_Mjini, na chanzo kiwe =INDIRECT(SUBSTITUTE(A2," ","_")). Jihadhari pia na mtu anayechagua Temeke, akachagua Keko, kisha akarudi kubadilisha wilaya kuwa Ilala. Keko itabaki pale imekaa, Excel haiifuti. Weka rangi ya tahadhari au uhakiki mwishoni.

DAR2024 imekataliwa kwa sababu tayari ni ya mtu. Tangu Excel ya 2007 safu zinafika XFD, jumla 16,384, na mistari 1,048,576. Katika msitu huo ipo safu inayoitwa DAR, na DAR2024 ni seli yake ya mstari wa 2024. Iite Dar_2024.

Anti, sisi ofisini hatuna Excel, tunatumia LibreOffice. Fomula zako za INDIRECT zinanigomea kwenye faili jipya.
*Msomaji, Kigogo*

Kwenye LibreOffice Calc, kati ya jina la shiti na seli panakaa nukta, si alama ya mshangao. Jaribu =INDIRECT("'"&A2&"'.B33"). Na ikiwa vipande vya fomula kama VLOOKUP inakataa kuvitenganisha kwa mkato, tumia nukta-mkato. Kama faili litakwenda kwa mtu mwenye Excel, mwambie mapema, maana nukta hiyo kwake haitafanya kazi na atalazimika kuirudisha kuwa mshangao.